Mkanda mmoja wa mifereji kwenye injini ya zamani: fanya hivi

Mvua za Machi zikianza, na simu zinaanza. Mwenye Land Cruiser FJ40 anauliza kwa nini mikanda inalia kila akiwasha gari asubuhi. Mwenye Mercedes W123 ameweka AC na mkanda wake unateleza. Mwenye Land Rover Series III ameona video ya Mmarekani aliyetoa mikanda yote ya V (ile ya zamani yenye umbo la V) akaweka mmoja tu mpana wa mifereji unaozunguka kila kitu, na sasa anataka hivyo hivyo kabla ya Pasaka. Nimeandika haya ili nisirudie jibu lile lile kwa kila mtu.

Nianze na jibu ambalo wengi hawalipendi. Kama gari lako lina alteneta, pampu ya maji na feni peke yake, huna sababu ya kuhangaika. Nunua mikanda mizuri ya V, nyoosha puli, kaza vizuri, tembea. Mkanda wa mifereji unaanza kuleta faida unapoongeza mzigo: kompresa ya AC, pampu ya steringi, au alteneta kubwa ya kuendesha taa na friji ya safari za Kidepo. Hapo mkanda wa V huchoka, kwa sababu unategemea fundi aikaze alteneta kwa nondo na kukisia. Mkanda wa mifereji ukiwa na tenshena ya spring (puli inayosukumwa na spring ili kukaza mkanda) hujikaza wenyewe. Kampuni ya Ford iliuweka kwenye Mustang ya 1979, na baadaye karibu kila mtengenezaji akafuata.

Marekani wanauza seti kamili kwa injini zao za V8. Hapa kwetu Uganda mara nyingi utaunda yako kwa vipuri vya injini nyingine na kazi ya mkereza vyuma. Inawezekana, na ikifanywa kwa utaratibu inadumu. Na kwa kuwa sheria ya 2018 imezuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi, gari la zamani ulilo nalo ndilo hilo hilo. Usiliharibu kwa haraka.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Tenshena ya spring iliyo kamili, pamoja na breketi yake ya asili. Ya Land Rover 300Tdi ni nzuri, na za injini nyingi za Toyota za miaka ya karibuni pia. Epuka zile zenye silinda ndogo ya mafuta kama ya injini ya Toyota 1ZZ; kuzifunga kwenye injini ngeni ni kazi mara mbili.
- Puli za mifereji: ya krenki (shafti kuu ya injini), ya pampu ya maji, ya alteneta, na za vifaa vingine. Zote ziwe na idadi moja ya mifereji.
- Puli laini za kupitisha mkanda, mbili au tatu, zenye beringi mpya.
- Mkanda mmoja mkuukuu wa upana huo huo, wa kupimia. Omba kwa fundi yeyote, wataurusha tu.
- Rula ya chuma iliyonyooka ya angalau sentimita 60, venia (kipimo cha unene na kipenyo), na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza).
- Bamba la chuma la milimita 8 au 10 kwa ajili ya breketi, na mabomba mazito ya kutengenezea spesa.
- Sili mpya ya mbele ya krenki. Utaiona sababu.
- Karatasi na penseli. Hii ndiyo zana ninayoona watu wanaisahau.

Kwa vipuri vya mtumba, maduka ya soko la Kisekka, Kampala, ndiyo mahali pa kuanzia. Nenda na puli yako ya zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. Kwa kukereza na kuchomelea, Katwe wapo mafundi wa kila aina. Mchague yule mwenye venia mezani, si mwenye maneno mengi.

Kuhusu namba za mkanda

Mkanda ulioandikwa 6PK1250 una mifereji 6 na urefu wa milimita 1250. Nafasi kutoka mfereji hadi mfereji ni milimita 3.56 kwa mikanda yote ya PK, hivyo puli ya Toyota na ya Land Rover zinaweza kutumia mkanda mmoja bila tatizo. Kwa alteneta na pampu ya maji tu, 4PK inatosha. Ukiwa na AC au steringi, weka 6PK na usifikirie zaidi.

Hatua

1. Weka alama kabla ya kufungua chochote. Toa waya hasi wa betri. Zungusha injini kwa mkono hadi pistoni namba moja iwe juu kabisa, kisha weka alama ya rangi kwenye puli ya krenki na kwenye bloku. Injini nyingi za petroli za enzi hizo zina alama za taimingi (wakati wa plagi kuwasha) kwenye puli hiyo. Ukibadilisha puli bila kuhamisha alama, siku ya kurekebisha distributa utakuwa unabahatisha.

Pima pia kipenyo cha puli zote za zamani, pale mkanda unapokaa, na umbali kutoka ncha ya feni hadi rejeta.

2. Chora njia ya mkanda. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo wengi wanaruka. Simama mbele ya gari, chora duara kwa kila puli mahali ilipo, kwa vipimo halisi. Weka mshale wa mwelekeo kwenye kila moja.

Mkanda wa mifereji una tumbo lenye mifereji na mgongo ulio laini. Kifaa kinachoguswa na tumbo kinazunguka upande ule ule wa krenki. Kinachoguswa na mgongo kinazunguka kinyume. Injini yako ya mikanda ya V inazungusha kila kitu upande mmoja na krenki, kwa hiyo kanuni yangu kwa kazi za nyumbani ni moja: tumbo la mkanda liguse vifaa vyote, mgongo uguse puli laini na tenshena peke yake.

Ukiifuata, pampu ya maji inabaki ileile, feni inabaki ileile, pampu ya steringi inabaki ileile. Ukiivunja, unaingia kwenye matatizo. Pampu ya maji yenye mapanga yaliyopinda ikizungushwa kinyume inasukuma maji kidogo mno, na injini itachemka kwenye foleni ya Wandegeya kabla hujafika taa za pili. Feni itapuliza hewa kuelekea mbele badala ya kuivuta kupitia rejeta. Pampu ya steringi ya mapanga haifanyi kazi kinyume kabisa. Alteneta itatoa umeme upande wowote, lakini feni yake ya nje ikiwa na mapanga yaliyoinama haitapoa ipasavyo. Wale wa video za Marekani wana pampu maalumu zilizotengenezwa kuzunguka kinyume, wewe huna.

3. Hakikisha mkanda unakumbatia kila puli vya kutosha. Kwenye mchoro, angalia sehemu ya duara inayoguswa na mkanda. Krenki ipate karibu nusu duara au zaidi. Alteneta na kompresa, theluthi moja ya duara au zaidi. Palipopungua, weka puli laini karibu yake isukume mkanda kwa mgongo ili uzunguke zaidi. Kosa la kawaida ni alteneta iliyo juu peke yake, mkanda unaigusa kidogo tu halafu unakimbia. Itateleza siku ya kwanza ukiwasha taa kubwa.

4. Mahali pa tenshena. Tenshena inakaa upande uliolegea, mara tu mkanda unapotoka krenki. Krenki inayozunguka kama saa, ukiitazama kwa mbele, huvuta mkanda chini upande wako wa kulia na kuuachia upande wa kushoto. Basi tenshena iwe kushoto kwako, kati ya krenki na kifaa cha kwanza. Ukiiweka upande unaovutwa, kila ukikanyaga mafuta mkanda utaisukuma tenshena nyuma na kulegea pale pale unapohitaji nguvu.

Spring ya tenshena inasukuma upande mmoja tu. Ifunge kwa pembe ile ile iliyokuwa nayo kwenye injini ilikotoka. Usiigeuze mgongo kwa sababu nafasi ni ndogo. Tafuta nafasi nyingine.

5. Puli ya krenki. Chunguza kama puli yako ina raba kati ya kitovu na ukingo. Hiyo ni dampa, inameza mtikisiko wa krenki. Kwenye injini za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni kitu cha lazima, kwa sababu krenki ni ndefu na hujipinda. Usiitupe na kuweka puli ya chuma kitupu eti ni nyepesi. Njia salama ni kuiacha dampa mahali pake na kufunga puli ya mifereji mbele yake.

Mpelekee mkereza puli iliyotoka kwenye injini nyingine, akate katikati, akereze kiti kinachoingia barabara kwenye kitovu chako. Sisitiza neno hilo, kiti. Bolti hazisawazishi puli katikati, zinaishika tu. Puli iliyofungwa kwa bolti bila kiti itatembea kama yai na tenshena itarukaruka hadi ife. Ikichomelewa, irudi kwenye mashine ya kukereza baada ya kuchomelewa, kwa sababu moto hupinda chuma.

Ukiwa hapo mbele na kila kitu kiko wazi, badilisha sili ya krenki. Mafuta ya injini yakigusa mkanda wa mifereji, huvimba na kuanza kutoka kwenye mifereji.

6. Uwiano wa puli. Gawa kipenyo cha puli ya krenki kwa kipenyo cha puli ya kifaa. Krenki ya milimita 150 na alteneta ya 55 inatoa karibu 2.7. Injini ikizunguka mara 700 kwa dakika, alteneta inazunguka kama 1,900, na inaanza kuchaji. Injini ikifika 4,000, alteneta ipo kwenye 10,900, ambayo alteneta nyingi za kisasa zinavumilia bila shida. Alteneta za zamani zisikimbizwe hivyo. Soma kibao chake au weka puli kubwa kidogo.

Pampu ya maji, baki na uwiano wa zamani. Wazo la kuipunguza kasi "ili kuokoa nguvu" liache kwa watu wa mashindano wanaokaa nchi za baridi.

7. Tengeneza breketi. Tumia mashimo ya bolti yaliyopo kwenye bloku na kichwa cha silinda. Usitoboe bloku. Bolti nyingine za mbele zinaingia kwenye njia ya maji, kwa hiyo weka gundi ya kuzuia kuvuja kwenye nyuzi zake. Kila breketi ishikwe kwa bolti tatu angalau, zisiwe kwenye mstari mmoja, la sivyo itanesa.

Nafasi kati ya breketi na kifaa ijazwe na spesa ya bomba iliyokatwa sawa pande zote mbili. Rundo la washa tano si spesa. Litalegea kwenye murram (barabara ya changarawe) ya kwenda Moroto na hutajua ni lini.

Chomelea kwa nukta kwanza, funga, pima, ondoa, kisha kamilisha nje ya gari. Baada ya hapo pima tena.

8. Nyoosha puli zote. Mkanda wa V huvumilia kupinda kidogo. Wa mifereji hauvumilii. Kipimo ninachotumia ni kutokuzidi milimita 1.5 kwa kila sentimita 30 za umbali kati ya puli na puli, na nikiweza napata nusu ya hapo.

Anza na krenki au pampu ya maji, ile isiyoweza kusogea, iwe kiini. Weka rula ya chuma juu ya uso wake na uifikishe kwenye puli inayofuata. Hapa kuna mtego: kuta za puli hazina unene sawa. Puli mbili zinaweza kulingana ukingo kwa ukingo huku mifereji ikiwa imepishana milimita tatu. Pima kwa venia umbali kutoka ukingo hadi mfereji wa kwanza kwa kila puli, andika kwenye mchoro wako, kisha linganisha mifereji. Ukingo hauna maana yoyote.

Angalia pia kama puli inainama mbele au nyuma. Weka rula juu na chini ya puli ile ile. Breketi iliyopinda kidogo haitaonekana kwa macho lakini mkanda utaiona.

9. Pima urefu wa mkanda. Kata ule mkanda mkuukuu, uzungushe njia nzima kufuata mchoro, tenshena ikiwa imeshikiliwa katikati ya safari yake. Weka alama pale ncha zinapokutana, ulaze chini, pima. Kamba ya nailoni haifai, inavutika. Nenda dukani na kipimo hicho, na ukikosa urefu kamili chukua ulio karibu kabisa, mradi mshale wa tenshena unabaki ndani ya alama zake. Kama kipimo kimeangukia urefu usiopatikana kirahisi Kampala, sogeza puli laini moja kidogo ili utumie mkanda wa kawaida. Utaushukuru uamuzi huo ukikatikiwa Mbarara siku ya Jumapili.

10. Umeme. Kama alteneta mpya ni kubwa kuliko ya zamani, waya wa kuchaji ubadilishwe pia. Kwa alteneta ya ampea 80 hadi 100, waya wa milimita 16 za mraba, na fyuzi kubwa karibu na betri. Gari lenye mita ya ampea kwenye dashibodi ambayo chaji yote hupitia humo linahitaji fundi umeme alipitishie njia nyingine. Mita hizo zilitengenezwa kwa alteneta ndogo, na zikizidiwa huungua nyuma ya dashibodi ambako huzioni.

11. Funga na uwashe. Kaza bolti zote kwa toki. Pitisha mkanda, legeza tenshena kwa spana, malizia kwenye puli laini. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili na uangalie kila mfereji umekaa kwenye mfereji wake. Mkanda uliokaa mfereji mmoja pembeni hukatika ndani ya dakika chache. Rudisha waya wa betri, washa, rudi nyuma. Mikono, kitenge, waya za simu, vyote mbali na mbele ya injini.

Acha iungurume hadi feni na temostati zifanye kazi, kisha washa taa, AC, vyote. Zima, kaza tena bolti zote. Safari ya kwanza iwe ya mjini kwenye foleni, kwa sababu huko ndiko joto linapojitokeza. Kilima cha Kabale kije baadaye.

Angalia umbali wa feni na rejeta. Unataka milimita 25 angalau, maana injini husogea mbele ukifunga breki ghafla.

Ikisumbua

*Mkanda unalia kama kifaranga, kwa vipindi.* Chukua chupa ya maji, nyunyiza kidogo kwenye tumbo la mkanda injini ikiwa imewashwa. Kelele ikipotea kisha ikarudi, puli hazijanyooka; rudi hatua ya 8. Kelele ikizidi, mkanda umelegea au unakumbatia kidogo mno. Rudi hatua ya 3 na 4. Usipake dawa ya mkanda wala sabuni. Inaficha tatizo kwa siku mbili na kuvuta vumbi jekundu lote la barabarani.

*Mkanda unaruka mfereji.* Mara nyingi ni breketi inayonesa ukikanyaga mafuta. Mwenzako akanyage taratibu huku wewe unatazama kwa upande. Wakati mwingine ni kokoto iliyonasa kwenye mfereji wa krenki. Wanaotembea murram wafunge ngao ya bati chini.

*Tenshena inatikisika bila kutulia.* Itazame puli ya krenki macho yako yakiwa usawa nayo, injini ikiwa imezimwa, na mtu azungushe kwa mkono. Ikiyumba, kosa ni la mkereza. Kama puli ni safi, spring ya tenshena imechoka na hiyo ndiyo hasara ya mtumba.

*Injini inachemka ilhali zamani haikuchemka.* Kwanza mwelekeo wa pampu, pili mwelekeo wa feni, tatu uwiano wa puli. Rejeta uiguse mwisho.

*Beringi ya alteneta au ya pampu inanguruma baada ya wiki chache.* Mkanda ni mfupi na tenshena imefika ukomo wake. Haijikazi tena, inavuta tu.

*Mkanda haujapasuka lakini unateleza.* Mikanda ya kisasa haipasuki kama ya zamani, huliwa kwenye mifereji. Pitisha kucha ndani ya mfereji na ulinganishe na mkanda mpya dukani. Ukiwa na kina tofauti, badilisha.

*Mifereji inang'oka vipande.* Mafuta. Tafuta yanakotoka, ziba, osha puli zote kwa petroli na brashi, weka mkanda mpya. Ule ulioloa usiuweke kwenye buti kama spea.